SOMO LA MAZINGIRA: SUMU INAYOKALIA KITI CHA HOMONI



Wengi wetu tunaifahamu tezi ya shingo kwa sababu ya ugonjwa wa rovu, na tumefundishwa kwamba kinga yake ni chumvi yenye madini joto. Somo hilo ni la kweli. Lakini kazi ya tezi hiyo huvurugwa pia na kemikali za viwandani.

Kazi ya tezi
Tezi hutengeneza homoni iitwayo thairoksini. Homoni hii huongoza ukuaji, joto la mwili na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Wanyama nao wanaihitaji: kiluwiluwi akiikosa hageuki kuwa chura.

Mfano wa sili
Katika Bahari ya Wadden, pwani ya Uholanzi, sili walipungua kutoka zaidi ya 3,000 hadi chini ya 500 kati ya 1950 na 1975. Mto Rhine, unaopita katika miji ya viwanda, ulikuwa ukipeleka kemikali za PCB baharini.

Mtafiti Peter Reijnders alichukua makundi mawili ya sili majike, 12 kila moja. La kwanza lililishwa samaki wa Wadden; la pili samaki wa Atlantiki wenye PCB kidogo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986: kundi la kwanza walioshika mimba ni 4, la pili ni 10. Mwaka 1989 yeye na wenzake walionyesha kwamba sili waliokula samaki wa Wadden walipungukiwa pia na thairoksini na vitamini A katika damu.

Inavyotokea
PCB haiozi upesi. Hukaa katika mafuta ya mwili. Ini likijaribu kuibadili, hutoka kemikali inayofanana na thairoksini. Kemikali hiyo hukalia nafasi ya homoni kwenye protini inayoibeba katika damu. Homoni, kama abiria aliyenyang'anywa kiti, huachwa njiani na kutolewa mwilini.

Inatuhusu vipi?
PCB zilitiwa katika mafuta ya transfoma na kapasita za zamani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004. Mkataba huo uliweka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye PCB, na 2028 kuwa mwisho wa kushughulikia taka zake kwa usalama.

Kwa macho huwezi kujua mafuta yapi yana PCB. Kwa hiyo mafuta ya transfoma yasitumike kukaangia wala kupaka vidonda, yasimwagwe mtoni, wala yasichomwe, kwani moshi wake unaweza kuwa na sumu kali zaidi. Toeni taarifa kwa afisa mazingira wa halmashauri.

Maswali ya kujadili
1. Je, katika usharika wetu kuna transfoma au mapipa ya mafuta yaliyoachwa?
2. Maji ya mvua yanayopita hapo huelekea wapi?
3. Nani atapeleka taarifa, na lini?

Chumvi yenye madini joto tuendelee kuitumia. Ila tukumbuke kwamba chumvi haiondoi sumu iliyokwisha kuingia katika samaki.