Daftari la Jumuiya na Mwamini Asiyeonekana

Katika somo la juma hili twataka kulitazama jambo dogo ambalo kila mwamini wa parokia zetu za Tanzania analifahamu, lakini ni wachache wanaokaa wakalifikiri: daftari la mahudhurio la Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Ni daftari la kawaida, kama lile la watoto wa shule. Hukaa nyumbani kwa katibu, ndani ya mfuko, pamoja na kitabu cha stakabadhi za zaka. Mna majina ya kaya kumi na tano, au ishirini, au zaidi, na mbele ya kila jina safu ya vijialama. Kwa vijialama hivyo, mahali pengi huamuliwa kama mtoto atabatizwa, kama ndoa ya vijana itatangazwa kanisani, na hata kama mwili wa marehemu utapelekwa kanisani au utazikwa kwa sala za majirani tu. Kitu chenye uwezo mkubwa namna hii hakifai kuachwa bila kuchunguzwa.

Lakini daftari halieleweki peke yake. Lazima kwanza tulione juma zima la parokia, maana humo ndimo linamofanya kazi.

Juma la Kikristo huanza Dominika. Katika parokia kubwa za mijini Misa ya kwanza huanza mapema sana, ikafuata ya pili, na ya watoto, na pengine nyingine ya jioni. Kabla ya baraka ya mwisho husomwa matangazo, nayo, tukubali, mara nyingine huwa marefu kuliko mahubiri: ndoa zinazotangazwa, zamu za usafi, michango iliyopokelewa na ile inayongojewa. Vijijini mambo ni mengine. Parokia moja yaweza kuwa na vigango kumi au zaidi, na Padre hukifikia kila kigango labda mara moja kwa mwezi, au kwa nadra kuliko hapo masika yakikata njia. Dominika nyingine zote katekista ndiye awakusanyaye waamini, akasoma masomo, akafundisha, akaongoza sala, na akiwa ameruhusiwa, akagawa Komunyo Takatifu. Wala hii siyo ibada ya kubahatisha. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, katika kanuni ya 1248, chaipendekeza sana kwa mahali pasipo Padre, na mwaka 1988 Roma ilitoa mwongozo kamili juu yake.

Siku za katikati ya juma zina watu wake. Wako watoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza na vijana wa Kipaimara. Wako wanakwaya wanaokutana jioni. Wako akina mama wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, umoja ulioanzishwa mwaka 1972. Ijumaa za Kwaresima huwa na Njia ya Msalaba, na mwezi wa Mei na wa Oktoba Rozari huhama kutoka nyumba hii hadi nyumba ile.

Haya yote humfaa mtu anayekuja mwenyewe. Jumuiya ndiyo iliyowekwa kumfuata mtu pale anapokaa.

Yafaa tukumbuke ilivyoanza. Maaskofu wa Kongo, katika mkutano wao wa mwaka 1961, walikwisha kuona kwamba parokia kubwa zilizojengwa juu ya kituo cha misioni hazitoshi, wakaelekeza nguvu kwenye jumuiya ndogo zilizo hai. Huku kwetu shirikisho la Mabaraza ya Maaskofu liitwalo AMECEA lilichukua shauri la namna hiyo katika mkutano wa Nairobi wa mwaka 1973, na mwaka 1976 likafanya mkutano mzima juu ya ujenzi wa jumuiya hizo. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge hakuishia kuandika juu yake. Alikwenda kuishi na wanakijiji wa ujamaa huko Nyabihanga na kushika kazi pamoja nao. Na baada ya Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994, Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995, alieleza kwamba Kanisa lililo familia ya Mungu haliwezi kukua pasipo jumuiya zilizo ndogo kiasi cha watu kufahamiana. Katika habari hizi zote shabaha ilikuwa ni kufahamiana. Kuhesabiana kulikuja baadaye, kama chombo tu.

Sasa tuingie katika mkutano wenyewe. Mijini wengi hukutana Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda kazini na sokoni. Vijijini huwa jioni moja, watu wakisha kutoka shamba. Mwenye zamu hutandika mikeka na kuazima viti kwa jirani, ambaye huenda ni Mwislamu na haoni ajabu yoyote. Huimbwa wimbo, husomwa Injili ya Dominika inayokuja, watu hukaa kimya kidogo, kisha kila mwenye neno hulisema. Hapo ndipo mama asiyejua kusoma huweza kuufungua mstari uliomshinda mwalimu. Hufuata maombi, na baada ya maombi habari: nani mgonjwa, nani amejifungua, mtoto wa nani amerudishwa shuleni kwa kukosa sare. Mwisho huja michango na kuitwa kwa majina.

Mpangilio huo una maana yake. Mahali ulipopinduliwa, Injili ikasomwa mbiombio ili ibaki nafasi ya mahesabu, utaona wanaume wanaanza kupungua, kisha vijana, kisha maskini. Maskini huondoka kimya kimya. Haji kueleza kwamba hana fedha ya mchango wa ujenzi. Anakaa nyumbani tu, na katibu anaandika kwamba hakuhudhuria. Safu yake ya alama ina mapengo sawasawa na safu ya mlevi au ya mtu aliyeliacha Kanisa kwa dharau, maana daftari halijui kutofautisha. Mlinzi wa usiku anayerudi saa moja asubuhi ana mapengo. Muuguzi wa zamu anayo. Msichana wa kazi za ndani, ambaye ruhusa ya kutoka si yake, anayo. Mama anayemuuguza mumewe aliyepooza anayo, ingawa pengine yeye ndiye aliyestahili kutembelewa na jumuiya nzima.

Tusidhani kwamba vitabu vya majina ni jambo geni au baya. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza maparoko waandike ndoa, na pia majina ya wasimamizi wa ubatizo. Kitabu cha Ibada cha Roma cha mwaka 1614 kiliongeza kitabu cha hali ya roho za waamini, ambamo paroko aliandika nyumba baada ya nyumba, watu wake na umri wao, na kama wamepokea sakramenti. Kitabu hicho hakikuweza kuandikwa ofisini. Ilimbidi paroko atembee. Nayo sheria ya leo, katika kanuni ya 529, yamtaka paroko awafahamu waamini wake, azitembelee familia, awatafute kwa bidii maskini, wenye huzuni na wapweke. Parokia yenye waamini maelfu hailitimizi agizo hilo kwa miguu ya Padre mmoja. Kwa sababu hiyo daftari la jumuiya, likitumiwa vema, ni macho ya paroko.

Je, sheria yasema nini juu ya kumnyima mtu huduma? Hapa twaomba msomaji asome polepole, maana ndipo watu wengi wanapochanganya. Juu ya mazishi, kanuni ya 1176 yaagiza kwamba waamini marehemu wapewe mazishi ya Kanisa. Wanaonyimwa wametajwa katika kanuni ya 1184, kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioiasi imani waziwazi, wazushi na wafarakano, waliotaka miili yao ichomwe kwa sababu zinazopingana na imani ya Kikristo, na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao ya Kanisa yangewakwaza waamini hadharani. Tafuta katika orodha hiyo mtu aliyekosa mikutano ya Jumamosi, hayumo. Tafuta mtu aliyeshindwa kutoa mchango, hayumo pia. Tena kanuni ya 1181 yaonya kwamba maskini wasikose mazishi yanayostahili, na kanuni ya 848 kwamba mhitaji asikose msaada wa sakramenti kwa ajili ya umaskini wake.

Ubatizo wa mtoto una namna yake. Kanuni ya 868 yataka pawe na tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika dini Katoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo waweza kuahirishwa, na wazazi waelezwe sababu. Hapa ushuhuda wa jumuiya una nafasi halali, kwa kuwa majirani ndio wanaojua kama nyumba ile husali. Lakini tuseme wazi: kuahirisha ili wazazi wafundishwe si sawa na kuwaadhibu kwa madeni yao. Na kama Askofu ametoa maagizo ya jimbo juu ya mambo haya, yafuatwe kama yalivyoandikwa, siyo kama yalivyosimuliwa.

Labda mwenyekiti wa jumuiya fulani atasema: "Mnatuharibia kazi. Watu hawaji mpaka wafiwe, nasi ndio tunaochimba kaburi, tunaopika, tunaokesha. Tukiondoa woga, nani atabaki?" Lalamiko hili lina ukweli mwingi, wala hatulidharau. Mzigo wa jumuiya mara nyingi huwaangukia watu sita au saba wale wale, wengi wao akina mama, na yule aliyekaa kando miaka kumi huja kudai kaburi kana kwamba ni haki ya kununua dukani. Kanuni ya 222 nayo yawakumbusha waamini wote kwamba wana wajibu wa kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake. Mwamini mwenye nafasi na uwezo, asiyemtembelea mgonjwa hata mmoja wala kutoa senti moja, aambiwe ukweli angali hai, uso kwa uso. Kumngojea mpaka awe jenezani ni kumwadhibu mjane wake na watoto wake, ambao huenda walihudhuria kila juma.

Na woga, hata ukijaza nyumba, hauwaleti watu wanaoongea. Huwaleta watu wanaongoja jina lao liitwe, kisha wakaondoka.

Yako mafundisho tunayoweza kuyapata kwa wenzetu wa Legio ya Maria. Chama hicho kilianzishwa Dublin tarehe 7 Septemba 1921, nacho kilienezwa Afrika Mashariki na Edel Quinn, binti wa Ireland aliyefika Nairobi mwaka 1936 akiwa mgonjwa wa kifua, na akafa huko mwaka 1944. Katika mkutano wao wa kila juma, kila mmoja hutoa taarifa ya kazi aliyoifanya: nimekwenda kwa fulani, nimemkuta hivi, ameomba hiki. Jumuiya zetu zingeweza kufanya vivyo hivyo bila gharama yoyote. Katibu achore safu moja zaidi katika daftari, juu yake aandike neno "Sababu". Mtu akikosa mara tatu mfululizo, watu wawili watumwe nyumbani kwake, ikiwezekana mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wasibebe kitabu cha stakabadhi. Juma linalofuata waeleze walichokikuta, isipokuwa mambo ya siri ya nyumba, ambayo ataambiwa Padre peke yake. Ikionekana kwamba saa ya mkutano haiwafai watu wa zamu, ibadilishwe mara moja kwa mwezi.

Paroko naye aliombe daftari mara kwa mara, si mwisho wa mwaka tu, alisome pamoja na viongozi wa jumuiya, na mahali penye mapengo marefu aulize habari za mtu, kabla ya kuuliza habari za mchango. Barua ya utambulisho inapohitajika, katibu aandike anayoyajua. Uamuzi haumo mikononi mwake, wala mwa mwenyekiti wa kanda. Ubatizo, ndoa na mazishi ni kazi zilizokabidhiwa paroko kwa namna ya pekee katika kanuni ya 530. Na ikiwa juu ya mazishi ya mtu pametokea shaka ya kweli, kanuni ile ile ya 1184 yaagiza Askofu wa mahali aulizwe, na neno lake lifuatwe. Simu ya dakika tano kwa Askofu yatosha, nayo yaweza kupigwa usiku ule ule wa msiba.