Video ya shamba inakwamakwama kwenye kompyuta? Angalia kodeki

Leo naweka jembe pembeni kidogo, maana maafisa ugani wenzangu na vijana kadhaa wa hapa Mpanda wameniuliza natengenezaje video za masomo.

Msimu uliopita nilirekodi somo la viwavijeshi vamizi kule Kakese. Mdudu huyu, tangu aonekane nchini mwaka 2017, hasubiri mtu. Dawa inampata akiwa mdogo. Akishazama kwenye moyo wa mhindi na kujiziba kwa kinyesi chake, unapiga bure. Video ilitakiwa itoke ndani ya siku mbili. Ilitoka siku ya tisa! Kila nikigusa kipande kompyuta inaganda: sauti inaenda, picha imesimama. Mama mmoja akanipigia, "Bwana shamba, mbona somo limekuja wadudu wameshamaliza?" Sikuwa na jibu.

Nilidhani kompyuta ni mbovu. Kumbe shida ni kodeki, yaani namna video inavyofungwa.

Simu nyingi hurekodi kwa H.264 (ya mwaka 2003) au H.265 (ya 2013). Hizi kazi yake ni kubana nafasi. Chukulia daftari la shamba: siku ya kwanza umeandika kila kitu, siku zinazofuata unaandika tu "kama jana, ila jani moja limeongezeka". Mtu akitaka hali ya siku ya 12 lazima arudi nyuma asome zote. Ndivyo kompyuta inavyohangaika ukikata katikati ya video. H.265 inabana zaidi, na ndiyo inayoelemea zaidi mashine za zamani.

Kodeki za kuhariria, kama DNxHR ya Avid na ProRes ya Apple, huandika kila fremu kamili. Kukata kunakuwa laini. Gharama yake ni nafasi: dakika moja ya 1080p, fremu 30 kwa sekunde, kwa ProRes 422 inakula kama GB 1.1. Na usitegemee picha iwe nzuri kuliko ulivyoirekodi, haiongezeki.

Mimi natumia Shotcut, ni ya bure. Nageuza vipande kuwa DNxHR kwanza, fremu 30 zisizobadilika, kwa sababu simu hupandisha na kushusha fremu yenyewe na mwishowe sauti inaachana na mdomo. Kama diski yako ni ndogo, washa proksi: unahariri nakala nyepesi, halafu programu inatoa video kutoka faili halisi. Kwenye simu nimezima H.265 kabisa.

Kazi ikiisha natoa kwa H.264 ili ipite WhatsApp bila kumaliza bando za watu, nafuta DNxHR, natunza faili za simu. Somo la msimu huu nilirekodi Jumatatu, Jumanne jioni likawa Kakese.