Aliyeingia Chuo Atoke na Diploma: Mwongozo kwa Wanafunzi na Wazazi wa Lubumbashi

Matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, vijana wa komini za Katuba, Kenya na Ruashi humwagiana poda nyeupe kichwani, na mtaa mzima hujua nani amepata. Wiki zinazofuata ni za kutafuta pa kuandikishwa: Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), vyuo vya juu vya ualimu (ISP), vya biashara (ISC) na vya utabibu (ISTM), au kimoja cha vyuo vya binafsi ambavyo vibao vyake vimejaa mjini. Wazazi huuliza minervali (ada ya masomo) ni kiasi gani na fakulti ipi ina kazi. Swali moja huulizwa na wachache sana: kati ya walioingia hapa mwaka wa kwanza, ni wangapi waliotoka na diploma, na baada ya miaka mingapi?

Hesabu zenyewe ni mbili, na mzazi yeyote anaweza kuzifanya kwa kalamu. Ya kwanza ni ya wanaobaki: chukua walioandikishwa mwaka wa kwanza, tazama ni wangapi waliojiandikisha tena mwaka uliofuata katika chuo hicho hicho. Ya pili ni ya wanaohitimu: chukua kundi lile lile lililoingia pamoja, hesabu waliopata diploma muda wa masomo ulipokwisha. Tuseme waliingia 200, mwaka wa pili wakarudi 120, na baada ya miaka 3 wakahitimu 70. Waliobaki ni asilimia 60, waliohitimu ni asilimia 35.

Usichanganye hesabu hizo na ile inayosomwa siku ya kutangaza matokeo. Ukisikia promosheni fulani imefaulu kwa asilimia 80, uliza: asilimia 80 ya nani? Mara nyingi hesabu huanzia kwa waliofika kwenye mitihani. Aliyezuiwa mlangoni kwa deni la minervali, aliyekwenda Kolwezi kutafuta pesa, msichana aliyejifungua akakosa wa kumshikia mtoto, wote hao walishatoka kwenye orodha kimya kimya. Sherehe ya kutoa diploma nayo haitoshi kukujulisha, kwani chini ya toga zile zile wamo waliosoma miaka 3 na waliosoma 6. Marekani, vyuo vya jamii vyenye masomo ya miaka 2 hupimwa baada ya miaka 3, yaani muda wa kawaida na nusu yake. Kwetu ningeshauri kuhesabu mwaka wa 3 na kuhesabu tena mwaka wa 5, maana migomo ya maprofesa na kalenda zinazochelewa zimekula miaka ya watu wengi wasio na kosa lolote.

Peleka maswali haya chuoni kwenyewe: chuo kisichoweza kukujibu kabisa kimekwisha kukujibu. Na kabla ya yote, hakikisha chuo kinatambuliwa na wizara inayosimamia elimu ya juu na vyuo vikuu, na kwamba fani unayoitaka imo katika zile kilizoruhusiwa kufundisha. Diploma ya chuo cha binafsi inapaswa kuthibitishwa na Serikali. Bila hiyo, miaka yako na pesa za wazazi zinaweza kukwama kwenye karatasi isiyopokelewa ofisini.

Mwaka wa kwanza ndio mlango mwembamba

Wengi wanaopotea hupotea mapema, na sababu mara nyingi si akili. Kijana ametoka shule ambako mwalimu alimjua kwa jina, anaingia ukumbi ambao waliochelewa wanaandika wamesimama ukutani. Kifaransa cha profesa kinakimbia kuliko kile alichokizoea. Silabusi inauzwa na yeye hana pesa ya kuinunua wiki hiyo. Anajiambia atasoma mbele, na mbele inafika na mitihani.

Kinachookoa hapa ni watu. Wiki ya kwanza tu, tafuta wenzako wanne au watano wanaokaa upande wako wa mji, mchangie silabusi moja, mkatoe fotokopi, na mpange siku ya kusoma pamoja. Tafuta pia yaya mmoja, yaani kaka au dada wa mwaka wa juu katika fani hiyo hiyo, akuambie ni somo gani huwaangusha wengi na mitihani yake huulizwa namna gani. Mutualite za wanafunzi wanaotoka mkoa mmoja zinajulikana kwa sherehe na misiba, lakini zinaweza kufanya kazi kubwa kuliko hiyo zikiamua kumkabidhi kila mgeni yaya wake. Hii ni kazi ya bure, na sijui sababu ya kutoianza mwaka huu.

Hudhuria mazoezi ya vitendo na majaribio madogo hata yakionekana mepesi. Pointi zake huingia kwenye hesabu ya mwisho, na aliyezikosa hulazimika kuzitafuta zote ndani ya mtihani mmoja. Kama Kifaransa ndicho kinachokuzuia, fanyeni jambo hili: mmoja asome ukurasa wa silabusi kwa sauti, mwingine aueleze kwa Kiswahili, wa tatu aandike maelezo hayo kwa Kifaransa chake. Baada ya miezi michache utashangaa.

Pesa na barabara

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mpango uitwao ASAP kwa wanafunzi wa kipato kidogo katika vyuo vyake vya jamii. Mwanafunzi alitakiwa kusoma kwa muda kamili. Naye alilipiwa upungufu wa ada, akasaidiwa vitabu, akapewa mshauri asiyelemewa na wanafunzi wengi, pamoja na kadi ya usafiri ya kila mwezi aliyoipata akishiriki mpango ipasavyo. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Baada ya miaka 3, waliohitimu ndani ya mpango walikuwa kama asilimia 40, na nje yake asilimia 22. Wanafunzi walikuwa wa aina moja na vyuo vilikuwa vile vile. Tofauti ililetwa na mpango huo mzima: ada, nauli, vitabu na mtu wa kuwafuatilia.

Mzazi wa Lubumbashi hawezi kungoja mpango kama huo, lakini sehemu yake anaiweza. Familia nyingi hupigania minervali hadi tone la mwisho, kisha mtoto wa Ruashi anakosa nauli ya taxi-basi ya kufika kampasi ya Kasapa. Anakosa Jumatatu, anakosa Alhamisi, mwishoni anaona haya kurudi. Tenga pesa ya njia mbali na minervali, na umpe kijana kwa wiki, si kwa mwezi. Mahali ambapo nauli ni kubwa mno, wanafunzi watatu au wanne kupanga chumba kimoja karibu na kampasi huweza kugharimu kidogo zaidi, na bukari ya pamoja ni nafuu kuliko mikate ya njiani kila siku.

Kwa minervali yenyewe, uliza tangu siku ya kuandikishwa inalipwa kwa awamu ngapi, na tarehe ya kila awamu ni ipi. Likelemba (mchango wa zamu) ya akina mama inaweza kupangwa ili zamu ya mzazi iangukie wiki mbili kabla ya mitihani. Lipa mahali chuo kilipoelekeza tu, benki au simu, na usimpe mtu pesa mkononi hata akiwa jamaa wa ofisini. Bordero ya benki itoe fotokopi siku ile ile, maana wino wa vikaratasi vile hufifia, na mwezi wa mitihani ukifika karani ataona karatasi nyeupe. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine kwenye faili, na picha yake kwenye simu.

Krediti: usikimbie kwa somo moja

Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeingia kwa jumla katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), uliowekewa msingi na sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014. Zamani mtu alisoma graduati miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Sasa lisansi ni miaka 3 yenye krediti 180, na masta ni miaka 2 yenye krediti 120. Kila mwaka una krediti 60, yaani 30 kwa semesta.

Faida kubwa ya mfumo huu kwa anayeyumba ni kwamba krediti ulizopata zinabaki zako. Ukianguka katika somo fulani, una sesio ya pili. Ukiwa umefikisha idadi inayotakiwa, unaweza kupanda mwaka ukiwa na deni la masomo machache, utakayoyarudia huku ukiendelea. Idadi hiyo na masharti yake yamo katika maagizo ya wizara ya mwaka husika; yaulize kwa apariteri wa fakulti yako, usiyaokote barazani. Wapo waliofunga daftari na kurudi nyumbani kwa sababu ya somo moja ambalo wangelilipa mwaka uliofuata.

Ukiona pointi zako zina kasoro, andika rekuru, yaani barua ya malalamiko, ndani ya muda uliobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Muda huo ni mfupi, na malalamiko ya mdomo hayahesabiwi. Na kama kuna anayekutaka mwili wako ili akupe pointi, hilo ni kosa la jinai chini ya sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006. Tunza ujumbe wote wa simu, mweleze mtu unayemwamini siku hiyo hiyo, usiende peke yako mahali ulipoitwa. Msichana asiache chuo kwa kosa la mwingine.

Kama huna budi kusimama

Ugonjwa, uzazi, kifo cha aliyekuwa analipa, kazi iliyopatikana mgodini: haya hutokea. Tofauti kati ya aliyesimama na aliyepotea mara nyingi ni barua moja. Kabla hujaondoka, mwandikie katibu mkuu wa masomo ueleze sababu na muda, peleka nakala mbili, na urudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Omba pia releve ya pointi za kila mwaka uliomaliza. Aliyeachia njiani katika graduati ya zamani aende nayo kuuliza masomo yake yatahesabiwa vipi katika lisansi mpya.

Faili lenyewe liangalie mapema. Chuo hukagua kama diploma ya Serikali na pointi za sekondari ni za kweli na zimekamilika, na wapo wanaogundua mwaka wa mwisho kwamba jina lao limeandikwa tofauti kwenye hati mbili. Kurekebisha herufi moja ukiwa mwaka wa kwanza ni safari za ofisini tu. Ukingoja hadi mwaka wa mwisho, diploma yako itawangoja makarani.

Kisha kuna kazi ya mwisho ya utafiti, ile inayowashika watu waliokwisha kufaulu masomo yote. Usiitafutie mada kwenye vitabu vya wengine. Ichukue kwenye staji: kama ulifanya mazoezi katika kituo cha afya cha Kampemba au kwenye duka la jumla la Kamalondo, takwimu na watu wa kuwahoji tayari unawajua. Mwelekezi wako mpelekee kurasa chache zilizochapwa kila mara, ziandikwe tarehe, na muulize palepale mtaonana lini tena. Akisafiri au akinyamaza muda mrefu, mwandikie mkuu wa idara aombe msaidizi akusomee, kabla tarehe ya kuweka kazi haijapita.