Somo la leo: Kuchagua chujio la maji kwa tangi la kambale nyumbani

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna mama mmoja kwenye kata yangu anafuga kambale uani, kwenye tangi la plastiki la lita 1,000. Alikuwa na samaki 60, kila mmoja kama robo kilo. Siku moja akanipigia: "Bwana shamba, hili pipa la chujio limejaa tope, linanuka. Nifanyeje?" Nilikuwa juu ya bodaboda, nikamjibu haraka haraka: "Mama, toa vitu vyote vya ndani, osha vizuri, rudisha." Naye akafanya kama nilivyosema. Akaosha kwa maji ya bomba na sabuni ya unga, akaanika juani kutwa nzima, akarudisha. Maji yakawa meupe kama ya kunywa. Alfajiri ya siku ya tano akapiga tena. Samaki 41 walikuwa wameelea.

Hakuna aliyewatilia sumu. Sumu ilitoka kwa samaki wenyewe, na kilichokuwa kinaiondoa ni lile tope lile lile nililomwambia aoshe. Ndiyo maana nimeamua kuandika somo hili taratibu, hatua kwa hatua.

1. Chujio linafanya kazi gani hasa?

Wengi tunadhani kazi ya chujio ni kuondoa uchafu ili maji yaonekane safi. Hiyo ni nusu tu ya kazi, tena nusu ndogo.

Kambale anakula chakula chenye protini nyingi. Protini hiyo ikitumika mwilini, anatoa amonia, na sehemu kubwa inapitia kwenye matamvua. Amonia haina rangi, kwa hiyo maji yanaweza kuwa meupe kabisa na bado yanaua. Kadiri maji yanavyokuwa ya moto na pH inavyopanda, ndivyo amonia inavyozidi kuwa kali.

Sasa wako bakteria wazuri wanaojijenga wenyewe juu ya kokoto, sponji au vipande vya plastiki. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia kwa kiwango kikubwa zaidi. Ule utelezi wa rangi ya kahawia unaoushika ukiingiza mkono kwenye chujio ndio makazi yao. Kwa hiyo unaponunua chujio, unanunua nyumba ya bakteria. Swali la kuuliza dukani ni hili: nyumba hii inatosha bakteria wangapi?

2. "Lakini kambale ni mgumu, hafi"

Nalisikia sana hili. Ni kweli kambale ana kiungo cha ziada cha kupumulia, anapanda juu na kuvuta hewa, hivyo anaishi kwenye maji yenye oksijeni kidogo ambamo sato angekufa. Lakini kuvuta hewa hakumkingi na amonia. Tena bakteria wa kwenye chujio hawana kiungo hicho. Wao wanahitaji oksijeni muda wote. Kambale anaweza kuvumilia usiku mzima bila pampu, lakini bakteria wake hawavumilii.

3. Pima chujio kwa chakula, usipime kwa lita

Kwenye maboksi ya machujio imeandikwa "kwa tangi la lita 200" au "lita 500". Hesabu hiyo imelenga samaki wadogo wa mapambo wanaokula punje chache kwa siku. Kambale hayumo kwenye hesabu hiyo, wala samaki yeyote mlaji wa nyama.

Fuata hesabu hii. Kila kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 40 inatoa takriban gramu 37 za naitrojeni ya amonia.

Chukua samaki wa yule mama: 60 kwa robo kilo ni kilo 15. Akiwapa chakula asilimia 3 ya uzito wao, ni gramu 450 kwa siku. Hiyo ni karibu gramu 17 za amonia kila siku, ndani ya lita 1,000 tu. Bila chujio angelazimika kumwaga karibu maji yote kila siku, yaani ndoo 50 za lita 20. Nani ataweza?

Kwa maji ya joto la kwetu, mimi napigia hesabu kwamba mita moja ya mraba ya makazi inaondoa gramu 0.3 za amonia kwa siku. Kwa hiyo gramu 17 zinahitaji kama mita za mraba 56. Usishtuke, mita hizo zinakunjwa ndani ya pipa:

- Vipande vya plastiki vya kiwandani, vile vidogo vyenye vyumba vyumba, vina mita za mraba kama 500 kwa kila lita 1,000 za vipande. Hapo unahitaji lita 112, zinaingia kwenye pipa moja la lita 200.
- Kokoto za kawaida zina kama mita 100 tu kwa ujazo huo huo. Unahitaji lita 560, karibu mapipa matatu, na ni nzito.
- Vifuniko vya chupa za maji na soda vinafaa na ni vya bure. Mimi huweka mara mbili ya ujazo wa vile vya kiwandani.

Angalizo: piga hesabu ya siku utakayolisha chakula kingi kuliko zote. Samaki wale wale 60 wakifika gramu 800 na kula asilimia 2, chakula ni karibu kilo moja kwa siku. Pipa moja halitatosha tena. Ama ongeza pipa la pili, ama uza nusu mapema.

4. Aina za machujio na mahali pake

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Bei yake ni ndogo, haliwezi kunyonya vifaranga, na linakula umeme kidogo. Ni zuri sana kwa vifaranga wa wiki za mwanzo. Kwa kambale wakubwa halitoshi.

Chujio la kuning'iniza au la kuzamisha. Haya ndiyo yanayojaa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Kwa kambale linaziba ndani ya siku chache. Usipoteze hela.

Chujio la kopo lililofungwa. Linafanya kazi vizuri, lakini ni ghali, na umeme ukikatika maji yaliyofungiwa humo yanaharibika haraka.

Chujio la mapipa mawili. Kwa ufugaji wa uani hili ndilo ninalolipendekeza. Maji yanatoka chini ya tangi kwa bomba la inchi 2 lenye wavu mdomoni, yanaingia pipa la kwanza polepole ili kinyesi kitue chini. Yanapita pipa la pili lenye vipande vya plastiki na mawe ya hewa. Kisha pampu inayarudisha kwenye tangi.

Mambo matatu hapa usiyasahau. Kwanza, pampu ikae mwisho, baada ya mapipa yote. Ukiiweka mwanzo itasaga kinyesi na hakitatua tena. Pili, mapipa yawe na kimo sawa na tangi ili maji yasifurike umeme ukikatika. Tatu, mdomo wa bomba la kurudisha maji uwe juu ya maji, usizame, ili maji yaanguke na kubeba hewa, na yasirudi kinyumenyume pampu ikizimika.

5. Pampu na umeme

Tafuta pampu inayoweza kuzungusha maji yote ya tangi angalau mara moja kwa saa. Lakini namba iliyo kwenye boksi imepimwa bila kupandisha maji. Kadiri unavyoyapandisha juu, ndivyo lita zinavyopungua. Kwa tangi la lita 1,000 nunua ya lita 2,000 kwa saa ili uwe na akiba.

Pampu ya wati 30 ikiwaka saa 24 inakula uniti 0.72 kwa siku, kama uniti 22 kwa mwezi. Weka gharama hiyo kwenye bajeti kabla hujanunua vifaranga. Wengine huzima usiku ili kuokoa umeme. Usijaribu.

Umeme ukikatika, acha kulisha. Ukipita muda mrefu, fungua koki ya chini ya pipa la pili umwage maji, vipande vibaki na unyevu na hewa. Bakteria watadumu zaidi hivyo kuliko kuzama kwenye maji yaliyosimama. Umeme ukirudi, maji ya kwanza yanayotoka kwenye chujio yamwage nje, yasiingie kwenye tangi.

6. Kuanzisha na kusafisha

Chujio jipya ni nyumba tupu. Bakteria wanahitaji wiki 4 hadi 6 kujaa. Anza na samaki wachache, lisha kidogo, ongeza taratibu. Kama unamfahamu mfugaji ambaye samaki wake wana afya, muombe ndoo ya vipande vya zamani, uvisafirishe vikiwa na maji. Inapunguza muda sana.

Maji ya bomba yaache wazi kutwa nzima yapoteze klorini kabla ya kuongeza. Kazi ya bakteria inashusha pH polepole, hivyo weka mfuko wa makombe ya baharini ndani ya pipa, hasa kama unatumia maji ya mvua. Wenzetu wa Njombe na Mbeya, maji yakiwa baridi bakteria wanafanya kazi taratibu, basi ongezeni makazi au punguzeni chakula.

Nunua kipimo cha matone cha amonia na nitriti. Vyote viwe sifuri au karibu na sifuri. Ukiona samaki wamegoma kula, ngozi imekuwa nyekundu au utelezi umezidi, acha kulisha, badilisha nusu ya maji. Kama nitriti ndiyo iliyopanda, weka gramu 1 ya chumvi kwa kila lita ya maji wakati unatafuta chanzo.

Kila asubuhi fungua koki ya pipa la kwanza, toa kinyesi. Mwagia mchicha, unapenda sana. Pipa la pili liguse tu pale maji yanaposhindwa kupita, na suuza nusu ya vipande kwa maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe. Nusu nyingine ngoja wiki mbili. Usitumie sabuni, usitumie maji ya bomba, usianike juani.

Yule mama hakuacha. Nilimnunulia vifaranga 30 kwa hela yangu. Havikufidia kambale 41 waliokuwa wanakaribia sokoni, lakini alikubali tuanze upya. Wiki iliyopita nilipita kwake, nikamkuta anasuuza vipande kwenye beseni la maji ya tangi. Nilipotaka kusaidia akanizuia: "Subiri bwana shamba. Hii ni nusu. Nusu nyingine bado."

Kabla hujaenda dukani, andika namba tatu: uzito wa samaki wote siku ya mwisho, gramu za chakula kwa siku hiyo, na saa ambazo umeme hukatika mtaani kwako. Ukiwa nazo, muuzaji hawezi kukudanganya. Tukutane somo lijalo, kazi njema.