Kuambiwa Si Kukubali

Wasomaji wetu, hapana shaka wengi wenu mmekwisha kuona jambo hili. Mkuu huita baraza, akanena saa nzima juu ya faida ya kuzungushia kisima ua ili ng'ombe wasiingie. Watu huitikia kwa sauti moja, "Ndiyo!" Kisha hutawanyika, na ua haujengwi.

Sisi tulikaa katika baraza moja ya namna hiyo, kazi yetu ikiwa kuandika. Katika daftari tuliandika, "Watu wote wamekubali." Miezi miwili baadaye ng'ombe walikuwa wangali wakinywa mle mle, mvua zikanyesha, ugonjwa wa kuhara ukaingia, na mtoto mmoja akazikwa. Mkuu alisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Lakini je, kosa lilikuwa la sikio, au la namna ya kuitoa dawa?

Wako wenye elimu waliolichunguza swali hili. Elimu yao huitwa saikolojia ya jamii, yaani elimu ya jinsi mtu anavyofikiri na kutenda akiwa kati ya wenziwe. Mmoja wao ni Kurt Lewin, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1890, akaiacha Ujerumani mwaka 1933, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani ilihofu upungufu wa nyama, ikataka watu wale moyo, figo na tezi za ng'ombe. Wasomaji watacheka, maana kwetu figo hugombewa. Lakini wanawake wengi wa huko waliviona vitu hivyo kuwa kinyaa. Lewin na wenzake walitwaa makundi 6 ya wanawake, kila kundi watu 13 hadi 17. Makundi 3 yalihutubiwa vizuri juu ya afya na haja ya vita, yakapewa na karatasi za mapishi. Makundi 3 mengine yaliulizwa, "Wanawake kama ninyi huzuiwa na nini?" Wakataja wenyewe: harufu wakati wa kupika, na waume wasiopenda. Hapo ndipo mjuzi wa mapishi alipowajibu. Mwisho, waliokuwa tayari kujaribu wakaombwa kuinua mikono.

Walipofuatiwa majumbani, ilionekana kwamba kati ya waliohutubiwa, 3 tu katika kila 100 walikuwa wamepika nyama ambayo hawakupata kuipika kabla. Kati ya wale wengine walikuwa 32 katika kila 100. Hao si wote. Lakini tofauti ni kubwa.

Edith Bennett, katika uchunguzi alioutangaza mwaka 1955, aliona kwamba nguvu haikuwa katika mazungumzo yenyewe. Ilikuwa katika kukata shauri, na katika kuona kwamba wenzi wengi wamekata shauri lilo hilo. Kwani mtu huona haya kuanza peke yake.

Basi turudi kisimani. Yampasa mkuu aeleze hatari kwa maneno machache, kisha aulize, "Nini kinachotuzuia?" Labda mwenye ng'ombe atasimama na kusema, "Tukifunga kisima, ng'ombe wetu watakunywa wapi?" Swali hilo ni la haki. Katika baraza yetu hapana aliyepewa nafasi ya kuliuliza, na mpaka lijibiwe, ua hautasimama. Likiisha kujibiwa, watu na wakate shauri wenyewe: nani ataleta miti, nani kamba, na siku gani. Mwalimu naye aweza kufanya vivyo hivyo na wazazi ambao watoto wao huchelewa shuleni.

Lakini tuangalie jambo moja. Mkuu akiuliza watu hali amekwisha kuamua moyoni, hiyo ni hila, nao wataitambua upesi.

Wazee walinena kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Walikusudia wengi wanenao, si wengi waitikiao tu. Na sisi tushikao kalamu, tusiandike tena "Watu wote wamekubali" kwa sababu ya kusikia "Ndiyo." Tuandike jina la kila mmoja, kazi aliyojitwalia, na siku yake, kisha siku hiyo twende kisimani tukatazame.