Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Roboti Njombe na Makambako

Mimi ni mtafiti wa mekatroniki, fani inayounganisha mitambo, umeme na kompyuta. Kazi yangu ninayoipenda kuliko zote ni kuunda roboti ndogo pamoja na wanafunzi wa sekondari.

1. Baridi ya Njombe ni maabara. Kihisi cha umbali cha roboti hutoa mlio usiosikika kwa sikio, kisha hupima muda ambao mwangwi hutumia kurudi. Programu nyingi huchukulia kuwa sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kasi yake hewa ikiwa na nyuzi joto 20. Asubuhi ya Julai, kwenye nyuzi 5, sauti husafiri kama mita 334 tu. Ukuta ulio umbali wa mita 1 roboti huusoma kuwa uko sentimita 103 hivi. Binti mmoja wa kidato cha tatu alirudia kupima kwa futi kamba, akakataa kuamini mashine, akaomba kipimajoto. Kasi ya sauti huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kila nyuzi moja inapopanda. Wanafunzi wakaiingiza kanuni hiyo kwenye programu wenyewe. Fizikia ya ubaoni ikapata kazi ya kufanya.

2. Anza na kinacholimwa. Tulipotengeneza mashine ya kupanga parachichi kwa uzito, watoto wa wakulima ndio walionielekeza: tunda likidondoka huumia ndani, na jeraha huonekana baadaye, likishaiva. Wakatandika sifongo chini ya mkono wa mota.

3. Fundi wa mtaani ni mwalimu. Makambako ni njia panda: barabara ya Songea inakutana na ile ya Zambia, na reli ya TAZARA inapita hapo. Kwa hiyo vifaa vibovu havikosekani kwa mafundi wake, nami huwapeleka wanafunzi huko. Printa iliyokufa ina mota, gia na vyuma vilivyonyooka vizuri.
“Shikamoo, fundi.”
“Marahaba, wanangu. Leo mnafungua nini?”

4. Usitegemee intaneti. Katika shindano la XPRIZE mkoani Tanga, lililohitimishwa 2019, watoto wa vijiji vipatavyo 170 walijifunza kusoma na kuhesabu kwa tableti zenye programu za Kiswahili zisizohitaji mtandao. Nami masomo yangu nayaweka kwenye memori kadi. Muda unaobaki nakaa na walimu wa fizikia, maana wao ndio watakaoulizwa “kwa nini” nikishapanda basi.