Usiku Mmoja katika Milima ya Ngara: Tuhesabu Saa Kabla ya Fedha

Watumiaji wa huduma wanaotuletea malalamiko kuhusu safari fupi za mapumziko huanza, karibu wote, kwa kutaja fedha: nauli iliyopanda ghafla, chumba kilicholipiwa kisha kikapewa mtu mwingine, gari la kukodi lililoharibika njiani. Tukiwasikiliza mpaka mwisho tunabaini kwamba kabla ya fedha kulikuwa na kitu kingine kilichopotea, nacho ni muda. Safari ya wiki nzima ikipungukiwa na nusu siku bado ni safari. Safari ya usiku mmoja ikipungukiwa na nusu siku imekwisha, hata kama kila shilingi itarudishwa.

Kwa hiyo katika somo hili tutahesabu saa kwanza. Mfano wetu ni safari ya kutoka jijini Mwanza kwenda kulala usiku mmoja katika milima ya Wilaya ya Ngara, kwa kupitia Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Safari hii imekuwa nyepesi zaidi tangu Juni 19, 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3. Msafiri hangoji tena kivuko. Na anayekupa makadirio ya muda yenye foleni ya kivuko ndani yake anakupa hesabu ya zamani.

Ipo sababu nyingine ya kuuchagua mfano huu. Anayepanda Mlima Kilimanjaro hupita langoni, huandikishwa, hulala katika vituo vinavyojulikana, na akipatwa na ajali wapo waokoaji. Milima ya Ngara, ambayo mingine hukaribia meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, haina mpangilio wa namna hiyo. Njia zake ni njia za wakulima na wachungaji, zinazopita kando ya migomba na kuishia kwenye nyasi ndefu. Mgeni hulindwa na makubaliano aliyoyafanya mwenyewe na watu watatu: mwenye basi au gari, mwenye nyumba ya kulala wageni, na mwenyeji atakayemwongoza njia. Makubaliano hayo yakiwa legelege, hakuna lango la kurudi kuuliza.

Saa za mwanga

Ngara iko magharibi kabisa mwa nchi yetu, ilhali saa tunayoitumia ni ile ile ya Dar es Salaam. Matokeo yake, jua huchomoza na kuchwa huko zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam: huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi hivi, na kuchwa karibu saa 1 jioni. Giza nalo huingia upesi, kama ilivyo mahali popote palipo jirani na Ikweta.

Tuseme marafiki sita wanaondoka Mwanza Jumamosi saa 12 asubuhi kwa basi, na basi linawafikisha mjini Ngara saa 9 alasiri. Wana saa nne za mwanga. Tukiondoa saa moja ya kupata chumba, kuweka mizigo na kula, zimebaki tatu. Kanuni tunayoishauri ni kwamba mpandaji awe amegeuka kurudi kabla nusu ya muda uliobaki haijaisha, kwa maana kushuka kwenye nyasi zenye unyevu si kazi ya haraka kama wengi wanavyodhani. Wakianza kupanda saa 10, basi saa 11 na nusu wageuke, hata kama kilele kiko mbele ya macho yao. Sasa, ikiwa basi la kurudi linaondoka alfajiri ya Jumapili, kikundi hiki kimelipa nauli mbili na malazi ili kupata saa moja na nusu ya kupanda mlima.

Hatusemi wasiende. Tunasema wajue wanachokinunua. Wanaweza kuondoka Ijumaa jioni, kwa kuwa tangu Oktoba 1, 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri saa 24. Lakini wakumbuke kwamba watu ambao hawakulala si watu wa kupanda mlima asubuhi yake. Wanaweza kukodi gari na kuimiliki ratiba yao. Au wanaweza kufupisha mwendo, wakalala mjini Biharamulo, ambako liko boma la kale la Wajerumani, wakatembea vilima vya jirani na kuiacha Ngara kwa safari ya siku tatu. Kwa maoni yetu njia hii ya mwisho inafaa kuliko watu wanavyoipa heshima, hasa kwa wenye watoto.

Anza na tiketi ya kurudi

Watu hununua tiketi ya kwenda, kisha husema ya kurudi wataipata huko huko. Kwa safari ya usiku mmoja utaratibu huo ugeuzwe. Uliza kwanza basi la mwisho litakalokuwezesha kuwa kazini Jumatatu linaondoka saa ngapi, kituo gani, na kama nafasi ipo. Ukishaipata tiketi hiyo ndipo hesabu nyingine zote zinapopata mahali pa kusimama.

Dai tiketi mtandao, si karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, na uisome kabla ya kuondoka dirishani: jina, tarehe, namba ya kiti, saa ya kuondoka na kiasi ulicholipa. Nauli kikomo za mabasi ya mikoani hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kwa daraja la basi na umbali, na mwenye basi haruhusiwi kuzidisha kwa sababu ya sikukuu. Uliza pia basi linapita wapi. Si kila basi liendalo Ngara huingia Biharamulo mjini. Mengine hupita Nyakanazi na Lusahunga. Wapo abiria wanaoshushwa njiapanda usiku kwa kudhani wamefika. Njiapanda ya Benaco, ambayo jina lake dunia ililisikia mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo kwa mamia ya maelfu, leo ni kituo chenye shughuli nyingi. Hata hivyo si mji wa Ngara, na mwenye chumba Ngara hufanya vyema kujua mapema atafikaje kutoka hapo.

Kuna mtego mmoja unaostahili aya yake peke yake. Rwanda na Burundi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Karibu na Rusumo au Kabanga, na hata juu ya kilima kinachotazama ng'ambo, simu inaweza kushika mtandao wa nchi jirani. Ikiwa imewekwa ijirekebishe saa yenyewe, itarudi nyuma saa moja bila kukuaga. Unatazama simu, inaonyesha saa 10 alasiri, kumbe ni saa 11, na mlima uliopaswa kushukwa bado uko chini ya miguu yako. Au asubuhi yake unafika kituoni kwa utulivu, basi limeondoka muda mrefu. Aliyechelewa kwa namna hiyo hana madai ya nauli yake. Isitoshe, matumizi ya mtandao wa nje hutozwa kwa viwango tofauti na vya kawaida. Kabla ya kufika huko, zima marekebisho ya saa yanayojiendesha, chagua mtandao wako kwa mkono, zima huduma ya data nje ya nchi, na mmoja wenu avae saa ya mkononi.

Gari la kukodi, chumba na mwenyeji

Anayekodi gari aulize mambo ambayo kwa desturi hunyamaziwa kwa kuoneana haya: mafuta ni ya nani, dereva atalala wapi na kwa gharama ya nani, gari likiharibika nani anatafuta jingine, na je, gari lina leseni ya LATRA ya kubeba abiria? Gari la mtu binafsi lisilo na leseni hiyo linaweza kuzuiwa njiani, na safari yenu ikaishia hapo. Dereva aliyeendesha tangu alfajiri asitakiwe kuendesha tena usiku ule ule ili kuwaridhisha wateja. Hili ni la kujadiliwa kabla ya kulipa, si gizani katikati ya pori.

Mapatano hayahitaji mwanasheria. Ujumbe mfupi wa simu unatosha, mradi umejibiwa. Mfano: "Ndugu, tumekubaliana gari la watu saba, kuondoka Mwanza Jumamosi saa 11 alfajiri, kurudi Jumapili kabla ya saa 2 usiku. Mafuta na malazi ya dereva ni juu yako. Tumelipa nusu leo, nusu tutalipa tukirudi. Gari likishindwa kuondoka, utarudisha malipo yote. Tafadhali thibitisha." Akijibu "sawa" una ushahidi. Akipiga simu badala ya kuandika, zungumza naye kwa heshima, kisha umwombe aandike.

Malipo ya awali ya chumba yafanyike kwa namba ya biashara, na jina linalotokea kwenye simu lisomwe kabla ya kuingiza namba ya siri. Uliza kama maji ya moto yapo, maana usiku wa milimani ni wa baridi, na kama kitanda kina chandarua kizima, maana Kagera ni mkoa wenye malaria nyingi. Dai risiti. Beba kitambulisho cha taifa: hii ni wilaya ya mpakani, na kuandikishwa katika daftari la wageni si usumbufu wa mwenye nyumba, ni wajibu wake.

Mwenyeji wa kukuongoza mlimani apatikane kupitia ofisi ya kijiji au mwenyeji wa nyumba unayolala, na si kijana wa kwanza kukusalimu kituoni, hata awe mchangamfu namna gani. Mkubaliane malipo kwa siku au kwa safari, mbele ya mtu wa tatu, na mwachieni mtu huyo saa mnayotarajia kurudi. Mwenyeji akikwambia anaijua njia ya kuingia hifadhini bila kupita langoni, achana naye. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi tangu mwaka 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Mna tembo na nyati, na kiingilio hulipwa serikalini kwa namba ya malipo, si mkononi mwa mtu.

Picha na ukweli

Matangazo ya safari za Ngara hupambwa kwa picha za maporomoko ya Rusumo. Maporomoko hayo yapo, na yanatazamika ukiwa upande wa Tanzania bila kuvuka mpaka. Lakini mto ule sasa una mradi wa umeme wa megawati 80 unaohudumia Tanzania, Rwanda na Burundi, na sehemu ya maji hupitishwa handakini kwenda kwenye mitambo. Picha iliyopigwa miaka ya nyuma si ahadi ya utakachokiona leo. Mwulize mwandaaji picha yake ni ya lini. Daraja la Rusumo nalo ni mpaka wa kimataifa wenye kituo cha pamoja cha forodha: usivuke bila hati ya kusafiria, wala usipige picha pale kabla ya kuomba ruhusa.

Kuahirisha

Mvua kubwa hunyesha Kagera kati ya Machi na Mei, na nyingine kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Agosti ndio wakati mwafaka, ingawa nyasi kavu hushika moto kwa urahisi. Yapo pia mambo yasiyo na kalenda. Januari 20, 2025 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo, na mlipuko huo ulitangazwa kwisha Machi 13, 2025. Waliokuwa wamelipia safari katika wiki hizo walikuwa na haki ya kuogopa, lakini haki ya kurudishiwa fedha hutegemea mlichoandikiana. Weka sharti la kuahirisha tangu mwanzo: siku ngapi kabla, na kiasi gani kitarudishwa. Na kwa kuwa popo wa matunda ndio wanaohifadhi kirusi hicho, usiingie mapangoni kwa udadisi tu.

Ukidhulumiwa

Mwandikie kwanza mtoa huduma, ukitaja mlichokubaliana na unachodai. Asipokujibu, malalamiko ya basi au gari la abiria yapelekwe LATRA, ambako pia lipo baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini. Upotoshaji katika matangazo na huduma nyingine unahusu Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mtu aliyetoweka na fedha zako ni suala la polisi. Kokote uendako, peleka tiketi, risiti, ujumbe wa makubaliano na picha, nawe ubaki na nakala. Maelezo yako yawe na tarehe, saa na mahali.

Zoezi

Watu wanne wanaondoka Mwanza kwa gari la kukodi Jumamosi saa 11 alfajiri, wanapumzika nusu saa Biharamulo na kufika Ngara saa 6 mchana. Wanataka kupanda kilima siku hiyo na kutazama maporomoko ya Rusumo Jumapili asubuhi. Dereva anataka kuanza safari ya kurudi Jumapili saa 5 asubuhi ili avuke daraja la Kigongo kabla ya giza. Andika ratiba yao, ukionyesha saa ya kugeuka mlimani na saa ya kuondoka Rusumo. Kisha uandike ujumbe ambao wangemtumia dereva kabla ya kulipa.